Niuze Oveni Nimlipie Wifi Deni?

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwandiko umelala, maana naandika huku keki ya mtu iko jikoni inaiva na vidole vina unga, na hii ndiyo nafasi pekee ninayoipata bila mtu kunichungulia begani.

Mimi naoka keki kwa oda, za harusi, za kuzaliwa, hata za kuagana ofisini, na mume wangu ni fundi bomba, mtu mwema na mchapakazi, ila ana jambo moja, ukitaja neno mkopo mbele yake utadhani umemtukania mama yake, kwa sababu alipokuwa mdogo aliona vyombo vya kwao vinabebwa kimoja kimoja mpaka kitanda, na siku ya kwanza nilipoingia nyumba hii aliniambia, "Hapa tutakula tulichonacho, atakayeleta mkopo ndani atatoka nao," nami nikacheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani.

Ukuta wa jiko langu umeshikana na chumba cha dada yake, wifi yangu, fundi wa nguo, ambaye alirudi kwa kaka yake ndoa yake ilipovunjika, na najua mawifi tunavyosemwa, lakini sisi tulipatana tangu siku alipoingia na masanduku yake, tukafika mahali nikimaliza kusawazisha keki zile kingo ninazozikata siziuzi, nagonga ukuta kwa mpini wa kisu, naye anazima cherehani anakuja na kikombe chake cha chai, tunakula kingo huku tunawasema wateja wabishi, wake na wangu, na nikikwambia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu tamu ya siku yangu sikudanganyi.

Sasa mwezi uliopita nikapigiwa simu na mwanaume mwenye sauti ya upole, msomi kabisa, akasema, "Mama, unaongea na Afisa wa ukusanyaji madeni. Kuna mtu wako wa karibu sana amekopa kwetu, amekuandika wewe kuwa mdhamini, na sasa hapokei simu zetu." Shangazi, nilimfikiria wifi papo hapo, maana wiki hiyo hiyo nilimwona wifi ameingiza jora zima la kitambaa nikawa najiuliza hela kaitoa wapi, basi mdomo ukanitangulia, nikasema, "Jamani, si wifi yangu huyo, fundi wa nguo?" Akasema, "Huyo huyo, mama, nashukuru kwa ushirikiano wako." Akaniuliza kama wifi ana namba nyingine, maana ile aliyowaachia ameizima, nikampa ile anayoitumia, nikaona bora watafutane wenyewe wamalizane na mimi nitoke.

Sikutoka. Kesho yake alinipigia tena akasema wameongea naye, amekiri, ila hana kitu, na kwa uzoefu wake watu wa namna hiyo wakibanwa hutoroka, kwa hiyo nisithubutu kumwambia wifi kwamba tumezungumza, kwa sababu akitoroka deni lote litahamia kwangu, na itabidi wamwone mwenye nyumba, yaani mume wangu. Hapo ndipo aliponikamata. Nilimwona mume wangu anavyobadilika sura, nikamwona wifi na masanduku yake getini, na sikuweza. Nikatuma hela ya unga na sukari, yote. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza, akasema ndiye mhasibu wao. Mara ya pili likatokea jina lingine, akasema mhasibu yuko likizo.

Na kila nikilipa deni linanenepa, mara riba, mara faini ya kuchelewa, mara gharama ya kufunga faili, mara gharama ya kunitoa mimi kwenye udhamini, na upole wa sauti umekwisha, siku hizi ananiita "wewe mama", anasema atakuja na polisi na gari la ving'ora mpaka getini, na picha yangu ataisambaza kwa wateja wangu wote imeandikwa TAPELI HUYU ASILETEWE KAZI. Akimaliza kunitishia ananitumia ujumbe wa namba ya kutumia hela, nami nikishatuma nafuta ujumbe wote, mume wangu asije akauona.

Kinachoniuma zaidi, Shangazi, si Afisa, ni wifi. Mtu amenitia kwenye shimo na anapita mbele yangu kifua mbele! Simu yake ikilia anatoka nayo mpaka nje ya geti. Ameuza mashine yake ya ovaloki, ile ya kufungia kingo za nguo zisifumuke, mashine aliyokuwa anaifuta kama mtoto mchanga, nikajua hela zimekwenda kwenye madeni yake mengine, maana kwangu deni halijapungua. Halafu ulipofika wakati wa kuchangia umeme akalipa wote peke yake, akaniambia, "Mwezi huu wewe pumzika." Nilitamani kumrushia bakuli. Na juzi tumekutana uwani tunaanika nguo, akanishika mkono, akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyekuja msibani, akasema, "Wifi yangu, usijitese. Kila mtu huteleza. Mimi niko nawe." Yeye ndiye ananihurumia mimi! Nikachomoa mkono nikaingia ndani. Jioni ile aligonga ukuta, yeye ndiye aligonga, nami nikajifanya sikusikia, na tangu hapo ukuta umenyamaza na kingo za keki nawapa kuku wa jirani.

Sasa Afisa ametoa siku ya mwisho, Jumamosi, anataka malipo yote kwa mkupuo mmoja ndipo afunge faili, na nimepata mnunuzi wa oveni yangu, atakuja Jumamosi hiyo hiyo asubuhi. Bila oveni sina kazi, hilo nalijua, lakini nimeshaapa kwamba familia hii haitavunjika mikononi mwangu. Nimekaza roho. Ninachotaka uniambie ni kimoja, niuze oveni nimalize deni la wifi kimya kimya, au nimwambie mume wangu yote amfukuze dada yake na mimi nibaki na kazi yangu? Nijibu upesi, Shangazi, nakosa hata hamu ya kula.

Ni mimi, Mama Keki, mwenye uchungu na wifi yake.

*

Mama Keki, marahaba. Kabla hujasoma mstari mwingine, chukua simu umpigie huyo mnunuzi wa oveni umwambie asije. Nakusubiri.

Umempigia? Haya. Barua yako nimemsumbua nayo mhariri mpaka akaipa nafasi leo badala ya wiki ijayo, kwa sababu ya hiyo Jumamosi yako, na wengine wenye barua zao za mapenzi wanisamehe, mapenzi yatangoja.

Pole sana, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimeona mwanamke aliyekuwa tayari kubaki mikono mitupu ili mwenzake asilale nje. Moyo huo ni mzuri na sitaki uubadilishe. Ila pole nimeshaisema, sasa niache nikugombeze kidogo, maana unastahili.

Ni nani aliyelitaja jina la wifi yako kwenye ile simu ya kwanza? Irudie barua yako. Mwanaume alisema "mtu wako wa karibu sana". Nani asiye na mtu wa karibu? Angenipigia mimi ningemtaja mdogo wangu, jirani yangu angemtaja mwanawe. Wewe ukamtaja wifi, ukamtajia na kazi yake, naye akajibu "huyo huyo". Hakuwa anajua kitu, mama. Namba yako wala hakuhangaika kuitafuta, mtu wa oda namba yake iko kila mahali. Habari zote alizonazo kuhusu nyumba yenu umempa wewe kwa mdomo wako, na hukuridhika, ukamwongezea na namba ya simu ya wifi.

Huyo si afisa wa kitu chochote. Ni tapeli, na umemweleza mwenyewe vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mhasibu gani wa kampuni hupokea hela kwenye simu yake binafsi, na akienda likizo anamwachia mwenzake naye apokee kwenye yake? Hujaandika popote jina la kampuni, nadhani kwa sababu hujawahi kuambiwa. Hujui ofisi iko mtaa gani, hujaonyeshwa karatasi ya mkopo, hujui ulikopwa lini wala kiasi gani. Deni halina mwanzo, lina kunenepa tu! Na hakuna mtu anayefanywa mdhamini kwa kuandikiwa namba yake pembeni. Mdhamini ni aliyekubali mwenyewe, akajua anadhamini nini, akatia saini. Wewe saini yako iko wapi?

Halafu vitisho. Anayekudai kweli ana karatasi, na ukimkatalia ana mahakama ya kukupeleka. Polisi hawazunguki na ving'ora kukusanya madeni ya watu kwa niaba ya mtu wa simu. Lakini neno kubwa kuliko yote ni lile alilokukataza, kwamba usimwambie wifi. Hebu jiulize, anayedai haki yake ana shida gani wadaiwa wakiongea? Ndiyo kwanza atalipwa haraka. Anayeogopa mkiongea ni yule ambaye mkiongea tu biashara yake imekufa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili, na hapa uketi chini. Mtu aliyekuponza, akajua unateseka kwa ajili yake, hakwambii "kila mtu huteleza". Atakwambia "nisamehe", au atakukwepa mpaka uani usimwone. Maneno ya "mimi niko nawe" anaambiwa aliyeteleza. Wifi yako anaamini kabisa kwamba aliyeteleza ni wewe.

Umeelewa? Ulimpa tapeli namba yake. Alipompigia, mimi naona alimwimbia wimbo ule ule: kuna mtu wako wa karibu amekopa. Na safari hii jina hakuhitaji hata kulitegea mtego, alishakuwa nalo, la muoka keki, wifi yake. Naye akaambiwa asikwambie, na asipolipa kaka yake ataambiwa. Naye akaona ndoa yako inavunjika na wewe unatolewa getini. Ndiyo maana simu anaipokelea nje. Ndiyo maana mashine aliyoipenda imeuzwa. Mtu aliyefilisika kwa madeni yake mwenyewe hakulipii umeme, Mama Keki! Alikulipia kwa sababu anadhani wewe ndiye uliyebanwa, na siku alipokugongea ukuta alitaka mkae, mnywe chai, akutoe hofu. Ukajifanya hukusikia.

Mashine imeuzwa kulipa deni lako, ambalo hukulikopa. Oveni ilikuwa njiani kuuzwa kulipa deni lake, ambalo sidhani kama alilikopa. Na katikati amekaa mwanaume mmoja mwenye simu, anakula sahani mbili, kwa sababu amegundua kwamba nyumbani kwenu watu wanapendana sana ila hawaulizani. Nimekasirika, nakiri, na nataka na wewe ukasirike, lakini ukimkasirikia anayestahili.

Naweza kuwa nimekosea, mimi siishi kwenu. Tuseme wifi kweli ana mkopo mahali. Basi mkopo wa kweli una mlango, una kaunta na una risiti. Mtakwenda wawili mchana kweupe, mtaomba kuonyeshwa mkataba, na kama kuna cha kulipa kitalipwa pale pale kwa jina lake, kidogo kidogo, wala oveni haitahusika. Kwa njia yoyote ile, kwa Afisa hakuendi hata shilingi.

Tangu sasa usimtumie kitu. Akipiga usibishane naye, usimtukane, usimweleze kwamba umemgundua, maana wanaishi kwa maneno na atakuzungusha tena. Mwambie neno moja tu, alete madai yake kwa maandishi, yenye jina la kampuni na anwani ya ofisi, kisha kata. Hataleta. Akituma kiungo cha kubonyeza, usibonyeze, na namba yako ya siri usimpe hata akiapa. Na uache mara moja tabia ya kufuta ujumbe! Ulikuwa unamsafishia tapeli nyayo zake ukidhani unamficha mumeo. Kumbukumbu za hela ulizotuma kampuni ya simu inazo, nenda ukaziombe, uwaambie umetapeliwa wazizuie zile namba mbili na waone kama kuna kinachorudishika. Ukitoka hapo nendeni polisi na hizo kumbukumbu na ujumbe wote ambao wifi hajafuta, wewe na yeye pamoja, mfungue taarifa moja. Wateja wako waandikie mapema, mistari miwili inatosha: kuna mtu anatumia jina langu kutapeli, mkitumiwa picha yangu mpuuzeni. Ukishawaambia wewe kwanza, ile picha yake itakuwa kazi bure.

Hela iliyokwenda huenda isirudi. Nakwambia mapema ili usije ukalia mara mbili, na pia kwa sababu atatokea mwingine, sauti yake nayo itakuwa ya upole, atakwambia ana uwezo wa kuzirudisha ukimlipa gharama kidogo. Huyo ni ndugu yake Afisa, tena huenda ni yeye mwenyewe amebadilisha laini. Mkatie simu.

Mumeo ataambiwa. Hilo sibembelezi. Mtamwambia nyote wawili, mmekaa pamoja, asipate wa kumtenga. Na akipandisha hasira, msomee maneno haya ya Shangazi: mwanangu fundi bomba, vyombo vilivyobebwa utotoni mwako navisikitikia kweli, lakini ukiitwa nyumba ya watu bomba limepasuka humgombezi aliyekuita, unauliza koki kuu iko wapi uifunge. Wanawake hawa wawili hawakuleta mkopo ndani. Waliogopa hasira zako kuliko walivyomwogopa mwizi, na mwizi akapita hapo hapo. Katika hili na wewe una la kurekebisha, na uanze kwa kutafuta ile mashine ya ovaloki imeuzwa kwa nani.

Uliniuliza uchague kati ya oveni na wifi, Mama Keki. Sikuchagulii, kwa sababu vyote viwili ni vyako na hakuna anayekudai hata kimoja. Keki iliyokuwa jikoni ulipokuwa unaandika ilishaiva zamani, lakini najua leo kuna nyingine. Ikipoa isawazishe, kata kingo nene kuliko kawaida, na kuku wa jirani leo watafute chakula kwingine. Chukua kisu, ugonge ukuta kwa mpini. Akija na kikombe chake, kabla hata hajaketi, mwambie, "Wifi, mimi sijakopa popote. Wewe je?" Kisha nyamaza umsikilize. Na kama safari hii ni yeye atakayejifanya hasikii, ana haki hiyo, wewe endelea kugonga.